Injini ya Gari Ndani ya Boti ya Baba Mkwe

Haya vidole-chumvi wangu, wasomaji wangu wa visiwani, kaeni kwanza. Barua ya leo imenitoa jasho.

*Manang Lucring, dada yetu mkubwa mpendwa, nimekwama, nishike mkono. Mimi Junrey wa visiwa vya Camotes, ufundi nimejifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga, na baba mkwe wangu, mzee Nong Pidiong, alinituma mjini Cebu nikamnunulie injini ya boti yake ya abiria, nikatajiwa bei nikapiga kelele dukani, eh, kwa hela hiyo si napata gari zima na viti vyake! Muuzaji, mama mtu mzima, akacheka: "Dong, kijana wangu, gari ikizimika unashuka unasukuma. Baharini utasukuma nini?" Nikamjibu, "Mama, injini ni ileile, mnatuuzia rangi nyeupe tu!" Nikaenda kwa wauza mitumba nikachukua injini ya gari, ya petroli, nikaipaka nyeupe, nikamwambia mzee nimepunguziwa bei, nikaifunga na kuifunika kwa boksi la mbao, misumari pande zote, abiria wasisumbuliwe na kelele, na Nong Pidiong akachinja jogoo akaidondoshea damu kama desturi yetu, akaniita mwanangu mbele ya watu, Manang, hajawahi!*

*Jana nikafungua boksi, harufu ya petroli ikanipiga usoni! Nikaliacha wazi mpaka ikaisha, ndipo nikawasha, nikaona cheche za buluu zinaruka kwenye staata, ile mota ya kuwashia, nikazima papo hapo. Staata ya boti imezibwa cheche zisitoke, ya gari iko wazi, maana barabarani petroli ikivuja upepo unaondoka nayo, kwenye boti mvuke unashuka chini unakaa humohumo na watu! Na wiki nzima nimewabeba! Jumapili ni maandamano ya majini ya mtakatifu wetu, watu thelathini, na Marivel mke wangu mjamzito yumo. Nikamgusia mzee tuitoe, akawaka: "Injini iliyokunywa damu haitolewi! Unataka kunilaani?" Manang, nikiacha mfuniko wazi nikanyamaza, si itatosha?*

Haitoshi! Junrey, nimekusoma nimesimama, mkono kichwani. Pole, umeshtuka, na afadhali umeshtuka ukiwa hai. Lakini mdomo wako huo! Yule mama muuzaji ungemuuliza dakika tano angekwambia: gari hupanda mlima, ikashuka, ikapumua. Boti ni kama inapanda mlima toka gati hadi gati bila kupumzika, na chumvi inaitafuna. Magari yanatengenezwa kama maandazi, injini za boti chache, tena kila kitu kimezibwa. Ndiyo bei hiyo, siyo rangi.

Sasa sikia. Leo, kabla hujala, acha boksi wazi mpaka harufu iishe, ndipo ufungue nyaya za betri, ubebe betri nyumbani kwako. Kisha nenda kwa Nong Pidiong, usimtume Marivel, useme: "Baba, nilikudanganya, hii ni ya gari, inaweza kutulipua." Atafoka, mwache afoke. Akitaja damu, mwambie damu ya kuku haizimi cheche, na jogoo wa injini mpya utamlipia wewe. Abiria wa wiki nzima nao waambie. Sanamu ya mtakatifu ipande boti ya jirani.

Na wewe, kidole-chumvi wangu unayemcheka Junrey: mkweo ndiyo kwanza ameanza kukuita mwanangu, boti nzima inakusifu, hakuna anayejua ila wewe. Ungefanyaje?