Uanze Mechi au Uimalize

Mjukuu wangu Sabri, bingwa wa Toronto (baada yangu mimi),

Salamu zako zimefika. Hapa mtaani Saltley, kwa Waingereza, tu wazima, na bibi yako anauliza kama unakula. Ila nyumba imepoa. Babu Badi, rafiki yangu tuliyetoka naye Mombasa, tumemzika Ijumaa.

Unauliza, kwenye hiyo besiboli yenu, uanze wewe kurusha mipira au uingie mwishoni kumalizia. Mwenye jibu alikuwa Badi. Mimi shule ilinishinda, lakini kwenye kriketi ya kiwanda tulichofanyia kazi nilikuwa moto! Nilianza kurusha mimi, mpira ukiwa mpya, watu wanapiga makofi. Badi alimalizia.

Siku ya fainali nilirusha ovyo, wapinzani wakajichumia pointi kwa raha zao. Nani alikumbuka? Badi alibakiwa na mpira mmoja wa mwisho wa kurusha, ukapigwa mpaka nje ya uwanja. Tukashindwa. Njiani kurudi akaniambia, "Wewe ukikosea, mimi nipo. Mimi nikikosea, nani yupo?"

Juzi makaburini mzee mmoja akaniuliza, "Huyu ndiye yule wa mpira wa mwisho?" Maisha yote yale, Sabri, watu wakabaki kukumbuka mpira mmoja.

Basi anza, mkono unao, umerithi kwangu. Lakini wakishakutoa, usikimbilie kuoga na kujipiga picha. Kaa mpaka mwenzako amalize, mrudi nyumbani pamoja.

Babu yako,
Nassor