Mbegu za kuchambua

Jumanne, Desemba

Nilikasirika kweli asubuhi. Trei ya mbegu mchanganyiko ambazo watoto huzichambua darasani ilikuwa tupu, na mbegu zenyewe nilizitoa nyumbani kwangu. Nikadhani ni kuku.

Nilipouliza, Neema, wa miaka mitano, akanishangaa. "Si jana mvua ilinyesha, mwalimu? Nimezipanda nyuma ya darasa."

Na leo ndiyo siku mama yake alikuja kumhamishia ile shule mpya ya Makole. "Mwalimu, kule wenzake wanaandika. Huyu wangu anachezea mtama tu." Akihama na huyu nitabaki na watoto wanane, na sijui kama...

Nikampeleka nyuma aone mwenyewe.

Neema akamwonyesha mistari yake. "Huu mtama, huu uwele, huu karanga." Mama hakuamini. Akachuchumaa, akafukua kwa kidole hapa na pale. Kila mstari ulikuwa na mbegu yake, hakuna hata moja iliyochanganyika.

Kisha akasema, "Umezibananisha mno, mwanangu. Karanga huachiwa nafasi, hivi." Wakaanza kupanda upya, wote wawili.

Alipoondoka saa nne, mikono imejaa udongo, aliondoka peke yake.