Kisigino cha Phares

Mshauri, pokea salamu kutoka mtaa wa Mowlem na unisaidie kabla sijakosana na mwanangu, maana na mke wangu tayari tumekosana.

Mimi ni mtu wa reli, shule niliacha darasa la sita na mengine nimeyasoma kwenye magazeti yanayofungiwa nyama, kwa hivyo ukiona sentensi imekatika jua ndipo mwenye bucha alipochania. Kijana wangu Phares alimaliza kidato cha nne mwaka jana hapa Eastlands, na shuleni kwao alikuwa akija sajenti mmoja anayeitwa Nzivo, mtu wa gwaride jeshini, kila muhula anakuja kuwahutubia wanafunzi juu ya nidhamu, na wakubwa wake walimpa ruhusa ya kuhutubia tu, lakini mtu aliyezoea kupiga kelele uwanjani hotuba humwisha haraka, basi akawapanga vijana mistari akaanza kuwafunza gwaride, na Phares akawa ndiye mfano, anaitwa mbele wenzake watazame anavyogeuka. "Kisigino, Oketch," sajenti alikuwa akimwambia kwa jina la ukoo wetu, "nataka Dandora wakisikie." Nyumbani tulikoma. Jirani wa chini alipanda kuuliza kama tunatwanga mahindi, nikamjibu kwamba hapa panalelewa mwanajeshi.

Wakati wa kuandikisha makurutu ulipofika Phares akaenda uwanjani na vijana wengine, akakimbia akawa wa mbele, wakamhesabu meno, wakamtazama nyayo, wakamwandika alama ya kufaulu kifuani kwa kalamu ya wino mzito, ile ambayo kila mzazi huomba kuiona, ikabaki kuitwa jina tu. Wenzake walipoitwa walijikokota mbele wakijikuna, kama raia. Phares alipoitwa alitoka kwa mwendo wa jeshi, akageuka, akapiga kisigino, akaita "Afande!" mpaka ofisa akaweka chai chini.

"Wewe umetoroka kambi gani?"

Phares akasema hajatoroka popote.

"Basi nani amekufunza?"

Hapo mwanangu akanyamaza, kwa sababu sajenti aliwafunza pia kwamba mwanajeshi hamtaji mwenzake, na huyu mtoto hakuna somo aliloacha. Wakamtoa uwanjani wakamwambia ashukuru hawamfungi.

Tangu siku hiyo hatoki. Ile alama ya kifuani hakuiosha, aliiacha mpaka ikafutika yenyewe. Asubuhi anakunja blanketi linakuwa kama tofali, kisha anaketi kando yake kutwa. Vijana wa ploti wakipita dirishani humwita, "Sasa, soja, leo hakuna gwaride?" na yeye hawajibu, na zamani angewajibu kwa ngumi, mimi ningefurahi. Mama yake, Anyango, anataka nimripoti sajenti kwa wakubwa wake ili mwanangu asafishwe jina, na nikimgusia Phares jambo hilo ananiambia, "Baba, ukimtaja umenizika. Amebakisha kidogo astaafu." Na sajenti mwenyewe hajui lolote. Tunakutana njiani ananiuliza kama kijana ameitwa jeshini, namjibu bado tunangoja, naye ananiambia vijana wa siku hizi hawana pumzi. Nasikia wiki ijayo anarudi shuleni. Nimripoti nimpoteze mwanangu, ama ninyamaze nimtazame akiisha mbele yangu?

Baba Phares, Mowlem

Baba Phares,

Pole sana. Nilianza kuisoma barua yako nikiwa nimeshika kalamu ya kukukaripia, nikafika pale pa wino nikaiweka chini. Sasa nimeishika tena.

Unasema hujui la kufanya, na kumbe kila mkikutana na Nzivo unalifanya: unamdanganya. Mnangoja nini? Mwanao amenyamaza kwa sababu alifunzwa kunyamaza. Wewe umenyamaza kwa sababu ulimringia jirani wa chini, na sasa unaona haya kusema kijana amerudishwa. Usiufiche unyamavu wako nyuma ya wake.

Kumripoti mtu kwa wakubwa wake ni jambo moja. Phares amekukataza, mheshimu. Ameilipia haki hiyo. Lakini kumwambia Nzivo mwenyewe yaliyompata mwanafunzi wake hakuna aliyekukataza. Huyo sajenti amebebwa mgongoni na mtoto wako miezi yote hii, na hajui hata kwamba miguu yake haigusi chini. Mtu mzima aambiwe anapobebwa.

Nenda kabla hajarudi shuleni, maana huko kuna watoto wengine wanaofunzwa kisigino, nao siku yao itafika uwanjani. Nenda bila Anyango. Ana kila sababu ya kukasirika, ila akianza yeye hamtamaliza. Usimpigie Nzivo kelele. Kelele ndiyo kazi yake, atakushinda. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, ofisa, wino, blanketi, usipunguze. Usimwombe kitu. Ukimaliza, inuka uende zako.

Labda ataenda kuungama kwa wakubwa wake. Labda ataogopa, wanaume wenye sauti kubwa huogopa pia. Na hata akienda, huenda wasimchukue Phares, kwa hivyo usimwahidi mtoto lolote. Ukifika nyumbani mwambie siku hiyo hiyo ulikotoka na ulichosema. Atakukasirikia. Mwache akukasirikie, hata akupandishie sauti. Nyumba yenu imekuwa kimya mno.

Kisha subirini. Kama Nzivo ni nusu ya mtu ambaye mwanao anamdhania, atakuja Mowlem kwa miguu yake. Akibisha hodi, usifungue wewe, na mama yake asifungue. Ketini hapo hapo mlipo. Mwacheni Phares ainuke.