Miguu ya Kukanyaga Udongo

Kitale, 6 Machi 1949

Dada Wilkista,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha. Mwanao Nekoye naye? Lile jino limeota?

Dada, kuna jambo nimekuficha. Tangu Novemba nacheza mpira wa majini katika bwawa la shamba hili. Mnyapara wetu, Kiptanui, aliujua akiwa askari Misri, naye hutufundisha Jumapili baada ya kanisa. Ni saba kwa saba, na kukanyaga chini hakuruhusiwi. Isipokuwa kipa, kila mtu hushika mpira kwa mkono mmoja.

Kuogelea naweza, kurusha naweza. Kinachonishinda ni kusimama majini bila mikono. Nikiinua mkono kurusha, nazama hadi masikioni. Kiptanui asema, "Absalom, unapiga miguu yote miwili pamoja kama chura. Umeona wapi chura akifunga goli?"

Najua tangu mto Kuywa umchukue shemeji Jotham, hutaki kusikia habari za maji. Wewe ndiye uliyenilea. Ukisema niache, nitaacha.

Ndugu yako,
Absalom

Kitale, 24 Aprili 1949

Dada,

Natumaini mko salama. Hujajibu, na sikulaumu. Kila Jumapili nakaa ukingoni nikishika mashati ya wenzangu. Sitaingia bila neno lako. Mechi na watu wa Kibomet ni Juni. Yakub amechukua nafasi yangu.

Ndugu yako,
Absalom

Kimilili, 9 Mei 1949

Ndugu yangu,

Sisi wazima, mvua ni nzuri, jino limeota limepinda.

Barua ya kwanza ilinikasirisha. Niliitia mfukoni mwa koti la Jotham, lile ambalo bado liko nyuma ya mlango. Ya pili nilipofika kwenye mashati, nililia.

Juzi nilikuwa nakandika jiko, nikamkumbuka. Mwaka tuliojenga, yeye ndiye aliyekanyaga udongo, umemfika magotini, na Nekoye mchanga mikononi. Nikasema atamwangusha. Akanijibu, "Wewe tazama mtoto, achana na miguu yangu." Mguu mmoja ukitoka mwingine unaingia, kila mmoja ukizunguka kwa nje, hata mara moja si yote pamoja. Juu alitulia kama amekaa kitini. Mtoto hakuamka.

Jaribu hivyo. Jotham hakujua kuogelea. Daraja lilikuwa limeenda na maji, naye alitaka tu kufika nyumbani. Wewe jifunze, ujue vizuri.

Mama Nekoye

Kitale, 20 Juni 1949

Dada yangu,

Nashukuru sijui niseme vipi. Wiki ya kwanza mapaja yaliuma hata nikashindwa kupanda ngazi za ghala. Ya tatu, nikasimama majini hadi kifuani, mikono yote juu. Kiptanui aliuliza nani amenifundisha. Nikasema shemeji yangu, marehemu. Alivua kofia.

Jana tulicheza na Kibomet, mimi na Yakub sote kikosini. Zamani nilifuata mpira kila ulipo. Sasa niliogelea mbali nao, na mlinzi wangu akanifuata, katikati pakawa wazi. Yakub akaingia hapo akafunga. Mara ya pili walikataa kunifuata, basi nikapewa mpira mimi. Kipa wao akaruka juu. Sikurusha. Niliushika tu juu, nikikanyaga udongo wa jiko lako, mmoja unatoka, mmoja unaingia, mpaka kipa akachoka akaanza kushuka. Ndipo nikarusha. Tulishinda mbili kwa moja.

Kiptanui atawafundisha watoto Agosti, upande wa maji machache. Nimeomba nafasi moja ya Nekoye, lakini nafasi hiyo ni yako kuikubali au kuikataa.

Ndugu yako,
Absalom

Kimilili, 2 Julai 1949

Ndugu yangu,

Asante kwa habari. Nimemsomea Nekoye mara tatu na kumsimulia ule udongo wa jiko, akauliza kama ni yeye yule mtoto aliyelala. Nikamwambia ndiye.

Tutakuja kwa lori la mahindi, Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Nimelitoa koti nyuma ya mlango, nitakuletea. Kitale kuna baridi, na ukitoka majini utalihitaji.

Kwangu mimi usiombe nafasi. Ila nionyeshe mahali maji yanafika magotini. Hapo nitajaribu kukanyaga kidogo, umenishika mkono.

Dada yako,
Mama Nekoye