Makopo Mawili na Uzi wa Kushonea Vitabu

Jumatatu, 3 Novemba

Kwa jina Lake naianza wiki ambayo sikuipanga.

Mkwe wangu amemleta mjukuu asubuhi, jua lilipokuwa bado changa. Mfuko wa nguo, mto mdogo, na viatu viwili — vyote vya mguu wa kushoto. Nikajua nani amefungasha. Hakukaa hata kunywa chai. Lori lake limepakiwa na mzigo hausubiri. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, Baba, nisamehe kwa kukutwisha. Nikamwambia mtoto si mzigo, aende kwa amani.

Binti yangu yuko hospitali tangu Ijumaa. Mimba imefikia pagumu na shinikizo la damu limepanda. Daktari ameamuru alale hadi afanyiwe upasuaji Jumatatu ya tarehe kumi na saba. Hatima ya mambo i mikononi mwa Mwenyezi.

Mjukuu ana miaka minne. Tunamwita Chiriku, kwa kuwa tangu ajue kusema hajawahi kukosa la kusema. Leo amekosa. Alasiri mama yake alipopiga simu nilimpa mtoto aongee. Akaficha mikono mgongoni, akageukia ukuta. "Simtaki." Simu ilikuwa wazi. Binti yangu alisikia.

Baadaye binti yangu akanieleza kisa chake. Ijumaa ile maumivu yalipozidi alimwambia mtoto, naenda dukani kununua mkate, narudi sasa hivi. Mtoto akachukua sahani yake akakaa mlangoni. Baba yake alimkuta palepale jioni, sahani mapajani.

Nimeweka nia. Ndani ya nyumba hii mtoto huyu hatadanganywa tena, hata kwa mzaha.

Jumanne, 4 Novemba

Mzee afanye nini na mtoto mchana kutwa? Tangu niache kusomesha chuoni, kazi yangu ni kujalidi vitabu: misahafu iliyochakaa, juzuu zilizochanika, vitabu vya dua vilivyoachana kurasa. Chumba changu cha kazi kina kibano cha mbao, kisu kikali, rula ya chuma na sufuria ya gundi ya unga wa ngano niliyoitia karafuu ili wadudu wasiitamani. Hakuna humo kilichowekwa kwa ajili ya mtoto.

Hata hivyo nikamkalisha juu ya mkeka, nikampa vipande vya karatasi vilivyobaki baada ya kukata kingo. Nikamwonyesha: kunja, paka gundi, pitisha kingine ndani yake. Mnyororo. Alinitazama kwa mashaka, kisha akaanza. Kwanza alionja gundi kidoleni. Hukumu yake: "Babu, uji wako hauna sukari."

Maneno yake ya kwanza mazima tangu afike. Nimeyapokea kwa shukrani.

Jirani yetu, mama anayeshona nguo, ambaye mtaa mzima humwita Fundi, alipitisha kichwa dirishani. Akauliza kama mnyororo ule ni wa kumfunga nani. Chiriku akajibu bila kuinua uso kwamba ni wa kumfunga Babu, asiende dukani.

Fundi akaondoka bila kucheka, naye ni mtu wa kucheka.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimekosea leo, na kosa langu ni la kimaalimu kabisa.

Asubuhi alikata nyumba kwenye kipande cha kadibodi. Kuta zimeinama kama za mlevi, mlango uko juu ya paa. Akaipaka rangi ya majani aliyoyasaga mwenyewe. Akaridhika, akaenda kulala. Nami nikabaki na ile nyumba mbele yangu. Mkono wangu umezoea kunyoosha kingo. Ukingo uliopinda huniwasha kama mchanga machoni. Nikachukua rula na kisu. Nikanyoosha kuta. Nikaushusha mlango mahali pake.

Alipoamka: "Nyumba yangu iko wapi?"

"Hii hapa, mke wangu."

Akaigeuza mbele na nyuma. Akaniwekea mapajani, taratibu, kama anayerudisha kitu cha watu. "Hii ya kwako."

Hakukata tena kitu siku nzima.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya swala simu ililia tena. Mtoto akajificha nyuma ya kibano. Sikumlazimisha. Binti yangu akaniambia kwa sauti ya chini, Baba, nataka nimsikie tu kabla ya Jumatatu ile. Hata akinitukana. Nikamuuliza mbona asema kama anayeaga. Kisha akasema, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba hakuna ajuaye.

Kweli nilifundisha. Ni jambo jepesi kulifundisha.

Jumapili, 9 Novemba

Makopo mawili ya maziwa, yaliyooshwa vizuri. Nikagonga kingo zake kwa nyundo zisimkate mtu. Nikatoboa kila kopo tundu katikati ya kitako kwa msumari. Kisha uzi — ule uzi wangu wa kushonea vitabu, wa katani, nilioupaka nta. Fundo ndani ya kopo hili, fundo ndani ya lile. Chiriku ndiye aliyeshika uzi nilipofunga, ulimi nje kwa bidii.

Nikamweleza sharti lake: uzi ukazwe, usiguse ukuta wala mlango. Ukilegea, maneno hayapiti. Akaelewa upesi kuliko wanafunzi wangu wengi. Akaenda jikoni na kopo lake, nami nikabaki chumba cha kazi. Uzi ukakazika. Nikaweka kopo sikioni, na sauti ikanijia ndogo na safi kama iliyotoka kisimani.

"Halo. Wewe ni Mama?"

Nilikuwa nimeweka nia. Mtoto aliyeumizwa na uongo, nimwongezee mwingine? Nikasema kwa upole wote nilionao, "Hapana, mpenzi. Mimi ni Babu yako."

Uzi ukalegea, ukaanguka sakafuni. Nilipoingia jikoni nilikuta kopo limesimamishwa chini kwa adabu, naye hayupo.

Jumatatu, 10 Novemba

Fundi alikuja kuazima mkasi, nikamsimulia. Akaketi kwanza, ndipo akacheka. "Maalimu, mtoto anacheza, wewe unatoa ushahidi mahakamani. Alikuomba kitambulisho?" Nikamwambia ulimi una hesabu yake. Akasema hilo halikatai, lakini je, jogoo wa karatasi ambaye yeye alimtengenezea mwanawe naye ataulizwa mbona hakuwika?

Nikamwacha na maneno yake. Sipendi kushindwa na mtu anayecheka.

Mchana tulikanda donge la unga, chumvi na maji. Donge hili haliokwi wala haliliwi, ila hupokea umbo lolote na hukauka likawa gumu. Chiriku akafinyanga vidonge, akavipanga kwenye kifuniko, akaniletea kimoja. "Kula keki, Babu. Ya moto, puliza."

Nikapuliza. Nikaipeleka karibu na mdomo, nikatafuna hewa, nikasema, "Tamu sana."

Nilikwisha kusema ndipo nikajisikia. Nimetamka neno lisilo kweli, mbele ya mtoto, kwa utulivu kamili. Nikamtazama. Je, nimemdanganya? Alikuwa anaandaa keki ya pili. Anajua ni unga na chumvi, ameukanda mwenyewe. Uongo ni kumfunika mtu macho. Huyu macho yake yalikuwa wazi kuliko yangu, na yeye ndiye aliyenifungulia mlango wa mchezo nami nikasimama nje nikidai ukweli ambao tayari alikuwa nao.

Nimesoma miaka mingi. Nikala keki tatu.

Jumanne, 11 Novemba

Nataka kuiandika siku hii kama ilivyokuwa, nisiongeze.

Baada ya chai nilichukua kopo langu, nikakaa chumba cha kazi. Sikumwita. Nikaacha lile la pili jikoni karibu na alipokuwa akichezea maganda ya viazi. Nikangoja. Uzi ulipotikisika nikaukaza.

"Halo," nikasema. "Huko ni wapi?"

Akafikiri. "Huku ni dukani."

Sikuwa nimelitarajia hilo. Nikasema polepole, "Dukani, habari za kazi? Namtafuta mama wa Chiriku. Yupo hapo?"

"Hayupo."

"Mmetazama vizuri?"

"Tumetazama. Nyuma ya magunia pia." Kisha: "Mkate upo. Yeye hayupo."

Sikuweza kuendelea na mchezo. Nikaweka kopo chini, nikaenda jikoni, nikakaa sakafuni mbele yake, jambo ambalo magoti yangu hayakulifurahia. Nikamwambia: mama yako hakwenda dukani. Aliumwa, akapelekwa hospitali, na mtoto yumo tumboni, na madaktari wamemwambia alale. Alisema duka kwa sababu aliogopa. Hakufanya vyema kusema hivyo, naye anajua.

"Aliogopa nini?"

"Aliogopa utalia."

Akachora kwa kidole juu ya vumbi la unga. "Ningelia kidogo tu," akasema.

Nikamkumbatia. Alikuwa na harufu ya chumvi.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekwenda hospitali leo, Fundi akabaki na mtoto. Binti yangu amevimba uso na miguu. Nimemwambia yote, hata la magunia. Alilia, kisha akataka nimsimulie tena pale pa magunia.

Kanuni ya wodi haimruhusu mtoto mdogo kuingia. Jana nilimuuliza Chiriku kama angezungumza na mama yake kwa simu. Alikataa. Nikamuuliza, na kwa kopo je? Alisema kopo atafikiri.

Basi nikamwendea muuguzi mkuu. Mwanamke mnene, mwenye sura ya kukataa. Wodi ile iko chini, madirisha yake yanatazama bustani. Nikamweleza nilichotaka, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, kama ilivyo tabia yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Babu, sheria inamzuia mtoto kuingia. Uzi haijauzungumzia."

Jumamosi, saa za kutazama wagonjwa.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika nikiwa juu ya benchi la saruji, kwenye bustani ya hospitali. Daftari nimelitia mfukoni asubuhi kwa mazoea tu. Sasa nashukuru, kwani mikono inataka kazi.

Tulifika mapema. Chiriku alibeba makopo mwenyewe njia nzima, moja kila kwapa, hakukubali nisaidie. Muuguzi mkuu akalichukua moja, akaingia nalo. Punde dirisha la tatu likafunguliwa, na binti yangu akaonekana, ameegemea bega la muuguzi. Mtoto alipoona ule uso uliovimba alirudi nyuma hatua, akanishika kanzu. Uzi ukapita kati ya nondo za dirisha, juu ya maua, ukafika kwake. Ukakazika.

Akaweka kopo sikioni. Si mdomoni — sikioni. Nikaona midomo ya binti yangu ikienda kule dirishani. Alichosema mimi sikukisikia. Uzi hausemi na wawili. Chiriku alisikiliza muda mrefu, uso wake haukubadilika. Kisha akaninyooshea kopo.

"Sema wewe, Babu. Sema wewe ndiye Chiriku."

Juma lililopita ningetoa hotuba. Nikalitia kopo mdomoni. "Halo, Mama," nikasema, na ndevu zangu zikakwaruza bati. "Mimi Chiriku."

Kule dirishani binti yangu akaficha uso. Mabega yakamtikisika, nadhani alikuwa akicheka, nadhani pia hakuwa akicheka tu. Akauliza, Chiriku, umekula? Nikainama kwa mwenyewe, akaninong'oneza, nikapeleka kama nilivyopewa: "Nimekula yai. Babu anapika vibaya." Akauliza, unalala vizuri? "Nalala. Babu anakoroma." Nimeyasema yote haya dhidi yangu kwa uaminifu wa mpokezi wa Hadithi. Bustani nzima ilikuwa ikitutazama, mzee mwenye kanzu na kopo la maziwa.

Kisha akanong'ona: "Muulize anarudi lini."

Nikauliza. "Mwambie sijui," binti yangu akasema. "Mwambie kweli sijui. Jumatatu watanipasua wamtoe mtoto, baada ya hapo ndipo watakaponiambia."

Nikampa mjukuu jibu lile zima, bila kulipunguza. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei ya haki. Akaanza kuvuta kopo kutoka mkononi mwangu.

Saa ile ile daktari akaingia wodini kuwapitia wagonjwa. Muuguzi akamrudisha binti yangu kitandani, akaliweka kopo lao juu ya ukingo wa dirisha, akarudisha kioo nusu. Akatupungia tungoje. Hadi sasa tunangoja. Kutoka hapa naona pazia tu, na vivuli vyeupe vikipita nyuma yake.

Chiriku amechuchumaa mbele yangu kwenye majani, mgongo kwangu. Kopo liko mdomoni. Anazungumza — naona shingo yake ikienda, naona anavyosimama kuvuta pumzi kisha anaendelea. Ni mengi. Sisikii hata neno. Uzi umelala juu ya maua, umelegea kabisa, na kule mwisho wake hakuna mtu. Nilimfundisha mwenyewe kwamba uzi uliolegea haupitishi kitu. Mkono wangu ulikwisha kunyooka kumgusa bega nimkumbushe. Nimeurudisha kwenye kalamu.

Pazia limetikisika. Huenda ni upepo.

Amenigeukia, amekunja uso. "Babu, kalamu yako inapiga kelele. Mama hatasikia."