Kwa Dereva Aliyepiga Picha za Watazamaji

Tuliokutana sebuleni Jumapili iliyopita, saa kumi alasiri, ni hawa: mama yako mzazi, kaka yako, fundi baiskeli, binti zetu wawili, mkubwa muuguzi na mdogo wa kidato cha tatu, dereva mwenzako, yule mliyempachika jina la Kofia, na mimi, mkeo. Ambaye hakuwepo ni mmoja.

Jumamosi hii unatimia mwaka tangu moyo wako uliposimama, wewe ukiwa gereji, umeinamia tairi. Kofia anasema ulikuwa umekwisha kukaza nati nne kati ya sita, na hakuna aliyethubutu kukaza mbili zilizobaki mpaka kesho yake.

Ulikuwa mtu wa taratibu. Kwa miaka ishirini na mitatu uliwapeleka watalii mbugani, na sheria yako ya kwanza ilikuwa neno moja: "Zima." Ulipomwona mnyama ulizima injini, ukazima redio ya garini, ukawasihi wageni wazime hata minong'ono. Ndiyo maana wenzako walikuita Zima. Hukumfukuza simba kwa gari, wala hukumzibia tembo njia ili mtu apate picha nzuri. Ulisema mnyama asipotaka kuonekana, hiyo ni haki yake.

Kelele zako hatukuzijua. Ulipoudhika ulichukua kitambaa ukafuta kioo cha mbele cha gari, na zipo siku kioo hicho kilifutwa mara tatu kabla hujaondoka.

Wageni walipoinua kamera zao kuelekea nje, wewe uliinua yako kuelekea ndani. Ulipiga picha sura zao, wakati uleule wanapomwona mnyama kwa mara ya kwanza. Kofia alitusimulia walivyokuwa wakikutania jioni langoni, magari yakisubiri zamu ya kutoka.

"Zima, leo umepata nini?"

"Bibi mmoja kalia machozi kwa sababu ya twiga."

"Na twiga mwenyewe?"

"Sikumwangalia. Twiga namjua."

Mama yako alicheka. "Mfinyanzi hulia gaeni," alisema. "Mwanangu kawapeleka watu wa dunia nzima. Sisi katupeleka sokoni."

"Na huko sokoni, mama, alitukataza kushuka mpaka aangalie kwanza kulia na kushoto," kaka yako aliongeza.

Alisema kweli. Kila mwaka ulituahidi kwamba msimu wa wageni ukiisha utatupeleka sote. Misimu ilikwisha, mmoja baada ya mwingine. Mara gari liko matengenezoni, mara barabara zimejaa maji. Nami nimewafundisha watoto wa darasa la nne habari za tembo kwa picha ya ukutani, bila kuwahi kumwona hata mmoja.

Ndipo Kofia alipotoa ujumbe aliotumwa. Wenzako wameomba gari kwa siku moja, nao watatupeleka mbugani Jumamosi hii. "Shemeji, wewe utakaa mbele na mimi," aliniambia. "Tutakuonyesha tembo mpaka uwachoke." Wote walinigeukia. Sikujibu, kwa kuwa ipo asubuhi moja ambayo sikuwahi kuwasimulia. Naisimulia hapa.

Miezi mitatu kabla hujatutoka, mgeni wako mmoja aliugua tumbo akabaki hotelini. Mumewe alikwambia kiti kisikae bure, ukamchukue mkeo. Ulikuja nyumbani alfajiri, gari likiunguruma nje. Siku hiyo hukuzima.

"Mwalimu, vaa viatu. Kiti kipo."

"Nina karatasi hamsini na nane za kusahihisha. Matokeo yanatakiwa kesho."

"Karatasi hazina miguu."

"Tembo wanayo?"

"Minne kila mmoja. Ndiyo maana nakuharakisha."

Nilicheka, nikachukua kalamu nyekundu, nikasema siku nyingine. Ulisimama mlangoni kidogo. Kupitia dirisha nilikuona ukifuta kioo cha mbele, taratibu, kutoka pembe hadi pembe, kisha ukaenda. Karatasi nilizimaliza saa saba mchana. Matokeo yaliahirishwa kwa wiki nzima.

Picha zako uliziacha katika maboksi ya viatu, na nyuma ya kila moja umeandika tarehe na kile alichokuwa akikitazama mtu huyo: chui, viboko, mbwamwitu watatu. Mwaka huu nimezipanga kwa mfuatano wa tarehe, kwani sikujua kazi nyingine ya kufanya na mikono yangu. Picha ya siku ile haina sura. Ni kiti cha dirishani, mkanda umefungwa vizuri juu ya kiti kitupu. Nyuma umeandika: "Tembo kumi na wanne."

Jioni ile uliniuliza tu kama watoto wamefaulu.

Mama yako anakukumbuka, na kaka yako, na binti zako wawili, na wenzako wa langoni ambao hadi leo wakimwona mnyama huambiana "Zima" kwa sauti ya chini. Nami mkeo nakukumbuka. Muda wote tutakaoachiwa hapa duniani hautatosha kukusahau.

Kofia bado anasubiri jibu, na si adabu kumweka mtu muda mrefu. Kwa tangazo hili nawaarifu wote waliokuwepo Jumapili ile: Jumamosi mtakwenda, mama atakaa mbele, na mtarudi kabla ya giza. Mimi sitakwenda. Nikimwona tembo nitageuka kumtazama dereva, na dereva hatakuwa wewe.