Skonzi za Komisyo

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa munane, 1955

Édouard amerudi kutoka biro na barua. Akaisoma amesimama, kofia kichwani. Komisyo inakuja kuangalia nyumba yetu siku ya Ijumaa, tarehe 26, saa kumi ya jioni. Watu watatu. Ni kwa ile karte ya meriti aliyoomba mwaka jana — karte wanayopewa Weusi ambao Serikali inaona wameendelea. Ukiwa nayo hawakuchapi fimbo, na polisi hakuulizi unatoka wapi giza likiingia.

Wataangalia saloni, vitanda, jikoni, choo. Wataniangalia na mimi.

Anataka niwapikie kitu cha kula na chayi. Si biskuti. Muke wa Henri, mwenzake wa biro, aliwapa biskuti za duka, na Henri hakupata karte. Nikasema labda si sababu ya biskuti. Akasema mimi sijui mambo ya komisyo. Ni kweli, sijui.

Jumatano, tarehe 10

Nimekwenda kumuona kaka yangu Paulin, mupishi kwenye hoteli kando ya ziwa. Ameniandikia kitu kinaitwa skonzi. Alifundishwa na madamu Mwingereza aliyetoka Kampala. Unga ya ngano, siagi, sukari, yai, maziwa, levure ya kuvimbisha unga, zabibu kavu. Unakanda kidogo tu, unakata miduara, unachoma. Paulin anasema hata mutoto anaweza.

Unga ninao. Sukari, yai, maziwa ninayo. Levure hakuna Goma nzima — inakuja na mashua ya Bukavu, na mashua haijaileta. Zabibu kavu, muenye duka alinicheka. Forno ya kuchomea sina. Nina mbabula ya makala tu.

Paulin amesema nitafute vya kubadilisha. Yeye ana forno.

Jumamosi, tarehe 13

Nimejaribu. Sufuria juu ya mbabula, kifuniko, makala juu ya kifuniko. Bila levure. Mahali pa zabibu nilitia frezi, yale matunda mekundu madogo yanayotoka Rutshuru.

Frezi zimetoa maji. Unga ukawa mwekundu. Mutu angeingia jikoni angefikiri kuna aliyeumia.

Zimetoka ngumu kama mawe tunayojengea hapa. Édouard alikula mbili, akanywa maji, akasema ziko imara. Wivine wetu, miaka mitatu, aliiweka yake chini akaikalia.

Mama akachukua moja, akainusa, akaigonga mezani. Mama ni mama ya Édouard, Nyiransengimana, wa kule Masisi. Tangu muzee wake afe anaishi nasi, chumba cha nyuma. Swahili yake ni kidogo. Kinyarwanda yangu ni kidogo — mimi ni mutu wa Butembo. Tunaelewana kwa mikono. Alinionyesha maziwa yangu ndani ya jagi, akatikisa kichwa. “Yamekufa,” akasema.

Jumapili, tarehe 14

Kiisha misa Mama alinipa maziwa yake ya kuganda, kutoka kwenye kibuyu. Alinipa na siagi yake pia. Ile siagi ni ya kujipaka mwilini. Ina mwaka mzima. Nikamshukuru sana, nikatumia ya duka.

Jumanne, tarehe 16

Paulin alipita. Anasema maziwa machungu yanaweza kuvimbisha, lakini lazima kuwe na bikarbonate. Nikamuuliza bikarbonate inapatikana wapi. Dispanseri, kwa watu wa tumbo.

Édouard ana tumbo! Tangu ile barua ije tumbo linamuuma kila siku, na walimpa chupa nzima.

Nimechota kijiko kimoja tu. Maziwa ya Mama yakatoa povu mara moja, pwaaa! Mama akapiga makofi. Sikukanda sana. Mahali pa zabibu nilitia ndizi ndogo tamu, nilizikata nikazianika juani juu ya bati siku mbili. (Kuku walikula nusu.)

Zimevimba. Laini ndani, kahawia juu, moja tu imeungua. Mama alikula tatu. Édouard alirudi akala nne amesimama, kisha akauliza chupa yake ya tumbo iko wapi.

Jumamosi, tarehe 20

Leo ndiyo ameniambia.

Aliketi, akanyoosha suruali magotini, akaniita Mama Wivine kwa sauti ya biro. Siku ya komisyo Mama asikae hapa. Atakwenda kwa Perpétue, jirani yetu, mpaka wazungu waondoke. Kwenye fomu ya maombi wanauliza: watu wangapi wanaishi nyumbani? Aliandika watatu. Bwana, bibi, mutoto moja.

“Na Mama?”

“Komisyo haitaki nyumba iliyojaa ndugu. Wanasema ni mambo ya zamani.”

“Ndugu ni moja tu, Papa Wivine. Na ni mama yako.”

“Unajua kwamba najua,” akasema. Kisha akaenda kupiga viatu rangi. Ni jozi moja. Amekaa nayo saa nzima.

Jumatatu, tarehe 22

Amemwambia Mama kwamba Ijumaa Perpétue anahitaji mutu wa kumusaidia kuchambua maharage. Mama akajibu vizuri sana, ndiyo mwanangu. Maharage ya Perpétue yaliisha wiki iliyopita. Mama alikuwa pale, alisaidia kuyachambua.

Ijumaa, tarehe 26

Wamekuja. Saa kumi kamili.

Bwana murefu ndiye mukubwa, alisema maneno machache. Bwana mufupi alikuwa na daftari. Na madamuzeli wa foyer, kule wanakofundisha wake kushona. Mufupi akafungua kabati, akahesabu mashuka. Akavuta kiti kuona kama kinatikisika. Kinatikisika, lakini Édouard alikuwa ameweka karatasi chini ya muguu. Akaniuliza kwa Kifaransa kama tunakula wote kwenye meza moja. Oui, monsieur.

Kisha chayi. Skonzi kumi na tano, siagi, frezi niliyopika na sukari. Wakala. Mufupi aliweka daftari chini ili atumie mikono miwili. Édouard alikuwa akinitazama kama siku tuliyofunga ndoa.

Halafu madamuzeli akauliza nimepata wapi levure. Yeye ameikosa tangu mwezi wa sita, keki zake zote zinalala. Nikamwambia sina levure. Ni maziwa ya kuganda na bikarbonate. Akafurahi, akaanza kuandika. Na maziwa, nayagandisha namna gani?

“Ni Mama anayeyagandisha.”

“Mama yako?”

Édouard akakohoa.

“Mama ya bwana yangu.”

“Anaishi wapi?”

Ningesema Masisi. Ni neno rahisi, silabi tatu. Maziwa yanaweza kutoka Masisi, hakuna angeshangaa. Nikasema: “Hapa.”

Mufupi akaokota daftari, akarudi nyuma kurasa mbili.

Wakaomba kuona chumba cha nyuma. Mukeka, vibuyu vitatu, rozari kwenye musumari. Mufupi akauliza kama vibuyu vinaoshwa. Madamuzeli alichungulia ndani ya kimoja, akanusa, akasema vinaoshwa vizuri. Wakaaga. Mufupi alichukua skonzi moja ya njiani.

Zimebaki mbili.

Jumamosi, tarehe 27

Édouard hasemi.

Jumapili, tarehe 28

Édouard amesema. Amesema chumvi.

Nilitaka kumwambia sikufanya makusudi. Lakini sijui kama sikufanya makusudi. Kwa hiyo nilimpa chumvi.

Mama amerudi kulala chumba chake. Jana asubuhi alimwaga maziwa akaosha vibuyu vyote vitatu, viwili vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Jumanne, tarehe 30

Mukubwa wake wa kazi amemwita pembeni, kule biro. Alimshika bega. Maneno ya fomu na maneno ya nyumba hayapatani. Lakini Édouard ni karani muzuri, miaka kumi na moja bila kosa, hawataki kumupoteza kwa jambo dogo. Komisyo itarudi Jumatatu inayokuja kuangalia kama nyumba imepangwa sawasawa. Itakuwa mara ya mwisho.

Aliniambia yote kwa Kifaransa. Kisha akarudia kwa Swahili, ili nisikie vizuri.

“Mwezi moja tu,” akasema. “Au miwili. Shangazi yuko kule Masisi. Karte ikitoka, Mama anarudi.”

“Na wakija tena kuangalia?”

Akasema alipokuwa kijana alimuona baba yake analazwa chini mbele ya watu kwa sababu ya njia ambayo haikulimwa. Fimbo nane. Mama alikuwa pale pia. Hajawahi kuniambia hiyo, na tuna miaka sita ya ndoa. Nilitaka kumukasirikia, nikakosa pa kuanzia.

Upande wa pili wa ukuta Mama alikuwa anasukasuka maziwa, kibuyu kinapiga gugu, gugu. Édouard aliposema Masisi, kibuyu kilinyamaza.

Ijumaa, tarehe 2 mwezi wa kenda

Hakuna aliyemwambia Mama kitu. Leo alikwenda mwenyewe kwa dereva wa kamiyo ya Masisi, akaomba nafasi ya kesho. Perpétue ndiye aliyeniambia.

Nilimuuliza Mama kwa nini. Akaonyesha saloni kwa kidevu, kile kiti cha Édouard. Kisha akaweka ngumi mbili pamoja juu ya mugongo wake, kama mutu aliyefungwa, akazifungua. “Asipigwe,” akasema. Kwa Swahili, ili nielewe.

Sikulia mbele yake. Nilikwenda kuangalia kuku.

Jumamosi, tarehe 3

Saa tatu na nusu asubuhi. Naandika jikoni.

Mama ameomba skonzi za njia. Nimechoma kumi na mbili. Sikupima kitu, na zimevimba kuliko zile za komisyo. Vibuyu viwili amefunga ndani ya kitambaa, cha tatu ameniachia. Amenionyesha mara mbili namna ya kukifukiza kwa moshi. Wivine ameshika nguo yake, hataki kuachilia.

Édouard hakwenda biro. Ni mara ya kwanza tangu nimjue. Alivaa suti, akafunga tai, akakaa mezani na mikono juu ya meza.

Kamiyo imefika barabarani. Honi. Mama akambariki mwanawe kwa Kinyarwanda, maneno marefu, akiwa amemshika mikono yote miwili. Nimeelewa ng'ombe na watoto tu. Akachukua muzigo.

Édouard akasimama. Akatangulia mulangoni. Nilifikiri anamfungulia. Amefunga kwa ufunguo, ameutia mufukoni, amerudi kukaa.

“Fungua, mwanangu.”

“Ngoja kwanza, Mama.”

“Kamiyo haingoji.”

“Najua.”

Honi tena. Perpétue anaita kutoka nje, anapiga dirisha. Mama anavuta mulango kwa nguvu, anamgombeza, sauti ya juu kabisa — sikujua ana sauti hiyo! Édouard ametoa fomu mupya mufukoni mwa koti, ameikunjua, anainyoosha kwa kiganja, pale wanapouliza watu wangapi wanaishi nyumbani. Ananiuliza Mama ana miaka mingapi. Sijui. Anamuuliza Mama mwenyewe. Mama anasema ufunguo.

Honi ya tatu. Sasa Édouard anaomba kalamu. Nyumba nzima kuko moja tu, ni hii